Mets na hela za Madoff: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu timu ya tajiri iliyoishiwa

Kila nikiongelea New York Mets, timu ya besiboli ya Marekani, na watu wa nyumbani naulizwa yale yale. Timu ya jiji kama New York inaishiwaje hela, huyo Bonilla ndo nani, na kwanini mashabiki wana hasira na mzee Wilpon mpaka leo wakati timu alishauza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mets nimewapenda nikiwa naishi Queens, treni namba 7 inakushusha mlangoni kabisa mwa uwanja, kwahiyo mkiona sehemu nakasirika mnivumilie, sina mpango wa kujifanya sina upande.

Besiboli siielewi hata kidogo, nitafuata kweli?

Utafuata, hapa tunaongelea hela zaidi kuliko mchezo wenyewe. Ligi inaitwa MLB, timu 30, kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, alafu mtoano, na fainali yao wanaiita World Series. Kuna mrushaji, yule anayesimama kwenye kile kichuguu katikati anarusha mpira, na kuna mpigaji, yule mwenye gongo. Basi.

Kitu kimoja tu kaa nacho kichwani maana ndo mzizi wa mambo mengi, hakuna kushuka daraja. Tajiri akiamua kubana matumizi timu ikashika mkia, mwakani yupo ligi ile ile na mgao wa TV ya taifa anaupata vile vile kama bingwa. Kwetu timu ikifanya hivyo msimu mmoja tu inajikuta inacheza Championship na mashabiki wamekaa getini wanamsubiri mwenyekiti. Kule mwenye timu hana hiyo presha, anayoiogopa ni moja, benki.

Wilpon ni nani na timu aliipataje?

Fred Wilpon, kijana wa Brooklyn aliyetajirikia kwenye majumba. Alisoma sekondari moja na Sandy Koufax, mmoja wa warushaji wakubwa waliowahi kutokea, na walicheza timu moja ya shule. Na shemeji yake Saul Katz walianzisha kampuni ya Sterling Equities mwaka 1972. Mets wenyewe walinunuliwa 1980 na kampuni ya uchapishaji ya Doubleday kwa dola milioni 21 na ushee, Wilpon akiwa na kipande kidogo sana, 1986 akawa mwenye nusu, nusu nyingine Nelson Doubleday, na 2002 akamtoa Doubleday akabaki na familia yake. Mwanae Jeff ndo akawa anaendesha mambo ya kila siku, na hapo ukimuuliza shabiki yeyote wa Mets kuhusu Jeff jiandae kusikiliza saa nzima.

Elewa kwamba hawakuwa matajiri wa kuchezea hela. Walikuwa matajiri wa mali, yaani majumba, hisa, timu, na mikopo juu ya hivyo vyote. Ukiwa hivyo kwenye makaratasi wewe bilionea lakini keshi ya Ijumaa ya kulipa watu lazima itoke mahali, na mahali pao palikuwa kwa rafiki yao mmoja anaitwa Bernie.

Huyo Bernie Madoff aliwapigaje?

Wabongo mnaikumbuka DECI? Ile ya kupanda mbegu na kuvuna, watu wakauza mpaka viwanja wakapeleka, 2009 serikali ikaifunga. Sasa ya Madoff ni DECI ya watu waliovaa suti. Tofauti ni kwamba DECI ilikuwa inaahidi mavuno makubwa ya haraka, Madoff alikuwa mjanja zaidi, anatoa asilimia kumi na kidogo kwa mwaka, kila mwaka, soko lipande soko lishuke, na jina lake lilikuwa safi maana aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ. Hakuna hisa iliyokuwa inanunuliwa, hela ya mgeni ndo inamlipa mwenyeji. Alikamatwa tarehe 11 Desemba 2008, akakiri Machi 2009, akapigwa miaka 150, na amefia gerezani 2021.

Wilpon na Katz, familia zao, marafiki na kampuni zao walikuwa na mamia ya akaunti kwake. Na hawakuichukulia kama uwekezaji wa pembeni, ilikuwa kama benki yao ya kila siku. Hela ya tiketi ikiingia inapelekwa kwa Bernie, mishahara ikifika inatolewa kwa Bernie. Mpaka mikopo mingine walikopa benki ili waongeze kwa Bernie, maana benki inataka riba ndogo na Bernie anatoa kubwa, tofauti unaweka mfukoni bila kutoka jasho. Siku ile ya Desemba wakaamka, zaidi ya dola milioni 500 zilizokuwa zinaonekana kwenye makaratasi hazipo, na hazijawahi kuwepo.

Na Bobby Bonilla anaingiaje hapa? Kweli analipwa mpaka leo?

Kweli kabisa. Kila tarehe 1 Julai, dola 1,193,248 na senti ishirini, alianza kupokea 2011 na atamaliza 2035 akiwa na miaka 72. Ni mchezaji wao wa zamani, mechi ya mwisho amewachezea Mets 1999.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa 2000 Mets wamemchoka, ila mkataba wake una dola milioni 5.9 zimebaki. Kawaida unamlipa mtu chake anaondoka. Wao wakasema subiri, hatukulipi sasa, tutaanza kukulipa 2011 kwa miaka 25 na riba ya asilimia 8. Ile milioni 5.9 ikilala miaka yote hiyo inakuja kuwa karibu milioni 30.

Watu wanacheka wanasema Mets wajinga, mimi naona sio ujinga wa hesabu. Kama una mtu anakupa zaidi ya asilimia kumi kila mwaka bila kukosa, deni la asilimia 8 ni faida, ile milioni 5.9 unampelekea Bernie na baada ya miaka kumi na moja unamlipa Bonilla na chenji inabaki. Hesabu iko sawa, kilichokosekana ni hela yenyewe. Na kwa kuwa waliona inalipa wakawa wanapenda sana mikataba ya kuchelewesha malipo, Bonilla mwenyewe ana mkataba mwingine mdogo wa nusu milioni kwa mwaka nao umecheleweshwa miaka 25.

Kwahiyo siku ya Bonilla ikifika watu wanaposti vichekesho, kumbe wanacheka risiti ya DECI.

Sasa walipoteza au walifaidika? Mbona nasikia walishtakiwa wao?

Hapa ndo panapowachanganya watu wengi na mimi pia ilinichukua muda. Upatu ukivunjika mahakama inaweka mfilisi anayekusanya chochote kilichobaki awagawie waliopigwa. Mfilisi wa Madoff anaitwa Irving Picard. Alipopiga hesabu akaona kwenye akaunti nyingi za Wilpon na Katz, kwa miaka yote, walitoa zaidi ya walivyoweka. Ile ziada aliita faida hewa, maana ni hela za watu wengine walioweka nyuma yao, akataka irudi. Hiyo ilikuwa kama milioni 300. Juu yake akadai milioni 700 nyingine za mtaji akisema hawa jamaa ni wafanyabiashara wakubwa, walionywa, walitakiwa kujua. Jumla bilioni moja. Kesi ilifunguliwa Desemba 2010 kimya kimya, ikawekwa hadharani Februari 2011, siku chache tu kabla kambi ya mazoezi haijaanza kule Florida.

Jaji Jed Rakoff akaipunguza sana, akasema kwa hiyo sehemu kubwa mfilisi lazima athibitishe walifumba macho makusudi, sio kwamba walizembea tu. Machi 2012, saa za mwisho mwisho kabla hawajaingia mahakamani, wakapatana kwa milioni 162, na Mario Cuomo, gavana wa zamani wa New York, ndo alikuwa msuluhishi. Walipewa miaka mitatu bila kulipa kitu, na kwa kuwa kwenye akaunti nyingine walipoteza kweli, wakaruhusiwa kupunguziwa deni kwa chochote watakachorudishiwa huko.

Mimi sidhani walijua. Mtu anayejua haachi mamilioni yake na ya dada zake na ya marafiki zake mle mpaka siku polisi wanagonga mlango. Ila kutojua ni kitu kimoja, na kuja kutuambia mashabiki kwamba hili jambo halitagusa timu ni kitu kingine, na walituambia hivyo zaidi ya mara moja.

Uwanja mpya si walijenga kipindi hicho hicho? Hela ya uwanja ilitoka wapi?

Citi Field ulifunguliwa 2009, miezi minne baada ya Madoff kukamatwa. Bahati mbaya gani hiyo. Ulijengwa kwa hati fungani zilizopitia wakala wa jiji, na timu ilikuwa inalipa zaidi ya dola milioni 40 kila mwaka kupunguza deni. Citigroup walilipia jina, milioni 20 kwa mwaka kwa miaka 20. Uwanja wa zamani, Shea, 2008 uliingiza watu zaidi ya milioni nne kwa msimu. Mpya ni mdogo, tiketi juu, timu ikaanza kufungwa, wakashuka milioni tatu na kitu mwaka wa kwanza na 2012 wakafika milioni mbili na laki mbili hivi. Yaani marejesho yako pale pale na mlangoni hawaingii watu. Mwenye daladala ya mkopo anaelewa hii bila mimi kuelezea.

Mishahara ya wachezaji ilishuka kiasi gani?

2009 Mets walianza msimu na kama dola milioni 149, wa pili ligi nzima nyuma ya Yankees. 2011 walitumia milioni 140 na kitu. 2012 wakaanza na kama milioni 94. Magazeti ya kule yakaandika kuwa hakuna timu iliyowahi kukata kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Na hawakuishia hapo, 2014 walikuwa chini ya milioni 90, wamekaa kundi moja na timu za miji midogo wakati wako jiji lenye watu milioni nane na wana TV yao wenyewe.

Jenero meneja, yule anayesajili wachezaji, alikuwa Sandy Alderson, aliyeajiriwa mwishoni mwa 2010 kutoka ofisi ya ligi. Mwenyewe alisema timu ilipata hasara ya dola milioni 70 mwaka 2011. Ila ukimuuliza kama bajeti inakatwa sababu ya Madoff anakwambia hapana, tunajenga upya, tunataka kutumia kwa akili. Jezi ile ile inauzwa bei ile ile, na sisi tunajibiwa falsafa.

Nitajie wachezaji walioondoka sababu ya hela tu.

Wa kwanza José Reyes, na huyu ndo aliniuma. Kalelewa na Mets tangu mtoto, anakimbia kama swala, 2011 anamaliza akiwa na wastani wa upigaji wa .337, bingwa wa upigaji wa ligi ya National, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, Met wa kwanza kuwahi kufanya hivyo. Siku ya mwisho ya msimu akapiga mpira mfupi wa kuchomeka akafika salama akatolewa ili wastani usishuke, watu wakamzomea na mimi pia sikupenda, ila tulijua tunamuaga. Mzee Wilpon mapema mwaka huo alishamwambia mwandishi kwamba Reyes hatapata hela kama za Carl Crawford, yule aliyepewa milioni 142 na Boston. Desemba Reyes akasaini Miami, miaka sita kwa milioni 106. Mets hata ofa rasmi hawakumpa. Sasa kuna watu watakwambia miguu yake ilikuwa inaumia sana na mkataba ule ulikuja kuwa mzigo, ni kweli, Miami wenyewe walimtupia Toronto baada ya mwaka mmoja. Ila kuna kuamua kutomchukua mtu na kuna kutokuwa na uwezo wa kumchukua, vikionekana sawa kwa nje sio kitu kimoja.

Wa pili Francisco Rodríguez, wanamuita K-Rod, mrushaji wa kufunga mechi. Mkataba wake ulikuwa na mtego, akimaliza mechi 55 kwa 2011 basi 2012 anapata milioni 17.5 moja kwa moja. Julai, usiku ule ule wa mechi ya nyota, akapakiwa kwenda Milwaukee akiwa kwenye njia ya kufika. Kwa mpira wenyewe hakukuwa na haraka yoyote, ile ilikuwa kukimbia bili.

Wiki mbili baadae Carlos Beltrán akaenda San Francisco, na hii nawapongeza. Alikuwa anamaliza mkataba, Mets wakakubali kubeba sehemu kubwa ya mshahara uliobaki ili wapewe kijana mzuri zaidi, wakapata Zack Wheeler. Alafu 2012 R.A. Dickey, mzee wa kurusha mpira unaoyumba kama kishada, akashinda tuzo ya mrushaji bora, Desemba hiyo hiyo kapelekwa Toronto na akarudi Noah Syndergaard na Travis d'Arnaud. Dickey alikuwa ameshafika miaka 38 kwahiyo hata tajiri mwenye hela angeweza kufanya ile biashara, sitaki kuwa muongo.

Kuna na waliolipwa waondoke. Machi 2011 waliwaacha Luis Castillo na Oliver Pérez wakiwa bado wanawadai milioni 18 wote wawili. Kwenye MLB mkataba ukisaini umesaini, ucheze usicheze hela inatoka, hamna kumwambia mtu kocha hakuhitaji kwahiyo mshahara nusu.

Kwani MLB hakuna ukomo wa mishahara?

Hakuna. NBA upo, NFL upo, besiboli matajiri walitaka kuuweka wachezaji wakagoma Agosti 1994 mpaka World Series ikafutwa. Kilichopo ni kodi ya anasa, timu ikipita mstari fulani inalipa kodi kwa kila dola ya ziada, na ukirudia mwaka unaofuata asilimia inapanda. Mstari 2025 ulikuwa milioni 241. Chini hakuna sakafu, tajiri akiamua kutumia kidogo hakuna wa kumgusa. Pia kijana akipanda ligi kuu timu inamshikilia miaka sita, mitatu ya mwanzo karibu anapokea kima cha chini tu, ndo maana timu isiyo na hela inaishi kwa vijana.

Si wangeuza tu timu mapema?

Hawakutaka, na hapa ndo ubishi wa familia ulipoonekana. Januari 2011 wakatangaza wanauza kipande, robo hivi, ila usukani hawaachii. Nani anatoa mamilioni akae siti ya nyuma? Akapatikana David Einhorn, tajiri wa mfuko wa uwekezaji, milioni 200, na kwenye makubaliano kulikuwa na mlango wa yeye kuja kuchukua timu baadae. Ikaanza Mei, Septemba imevunjika. Wakati huo wameshakopa milioni 25 kwa ligi yenyewe, na baadae milioni 40 Bank of America ili wavuke msimu wa baridi.

Mwisho wakauza vipande 12, kila kimoja milioni 20, jumla 240, baadhi vikanunuliwa na makampuni ya kebo waliokuwa wabia wao kwenye TV, kimoja na mchekeshaji Bill Maher. Mikopo ya ligi na benki ikalipwa. Ujanja ule nakubali, wamepata hela na hakuna mnunuzi aliyepata sauti.

Kamishna wa ligi alikuwa wapi?

Swali zuri, na ndo linalowauma wengi. Mwaka huo huo 2011, Los Angeles Dodgers chini ya Frank McCourt nao walikuwa taabani, wanakopa wapate mishahara. Kamishna Bud Selig akapeleka msimamizi wake Aprili, McCourt akakimbilia mahakama ya muflisi Juni, na 2012 timu ikauzwa zaidi ya bilioni mbili. Mets shida zile zile, mkopo wa ligi wakapewa, na hakuna msimamizi aliyetumwa. Selig na Wilpon walikuwa marafiki wa siku nyingi. McCourt alikuwa anachota hela ya timu kwa maisha yake na talaka yake, Wilpon yeye alitapeliwa, kwahiyo kuna tofauti. Lakini mashabiki wa Dodgers walipata wenye timu wapya na mataji, sisi tukaambiwa tusubiri.

Lakini 2015 walifika World Series, si ina maana ubanaji ulisaidia?

Nilijua litakuja. Ndio, 2015 walifika wakafungwa na Kansas City mechi nne kwa moja. Warushaji Matt Harvey, Jacob deGrom, Syndergaard, Steven Matz, wote wanne wakilipwa karibu na kima cha chini, nusu milioni na kitu kila mmoja. Kikosi cha namna hiyo huwezi kukinunua sokoni hata uwe na kisima cha mafuta.

Ila angalia ratiba. Kwanza ilikuja baada ya misimu sita mfululizo ya kupoteza mechi nyingi kuliko kushinda. Pili Julai timu ilikuwa inapiga hovyo kabisa, mpaka walipomleta Yoenis Céspedes siku ya mwisho ya dirisha ndo wakaanza kupiga kweli. Na tatu, ukishakuwa na warushaji wanne wa bei ya mchicha hapo ndo unatakiwa kumwaga hela kwa wengine, maana unajua baada ya miaka mitatu minne hao nao watadai chao. Wao wakaongeza kidogo kidogo. 2016 wakatolewa mechi moja ya mtoano na San Francisco, alafu 2017 mpaka 2019 mtoano wakauangalia kwenye TV.

Na akili ya kubana haikuwatoka. Nahodha David Wright alipougua mgongo, bima ilikuwa inarudisha sehemu kubwa ya mshahara wake siku anazokaa nje, akirudi uwanjani bima inakata, kwahiyo alivyokuwa anahangaika kurudi 2018 kila mtu alikuwa anajiuliza timu inataka arudi au la. Céspedes naye 2019 akavunjika kifundo cha mguu shambani kwake, kisa nguruwe pori, sitanii. Timu ikatumia hiyo kukata mshahara wake wa 2020 kutoka milioni 29.5 mpaka kama sita. Nguruwe pori kaokoa milioni ishirini na zaidi, alitakiwa apewe tiketi za msimu.

Timu iliuzwa lini na kwa nani?

Steve Cohen, tajiri wa mifuko ya uwekezaji, kama dola bilioni 2.4 kwa asilimia 95. Mwishoni mwa 2019 walikaribia kukubaliana, ikavunjika Februari 2020, inasemekana Wilpon walitaka kubaki wanaendesha miaka mingine mitano. Alafu Covid, uwanja mtupu msimu mzima, hapo wakalegea. Mchezaji wa zamani Alex Rodriguez na mwanamuziki Jennifer Lopez nao walikuwa wanaitaka. Wenye timu nyingine walimpitisha Cohen 26 kwa 4 tarehe 30 Oktoba 2020. Hizo kura nne sio bure, kampuni yake ya zamani ilikiri makosa ya biashara ya siri za soko 2013 na ikakubali kulipa bilioni 1.8. Ndio, tumetoka kwa tajiri aliyepigwa na mtu wa soko la hisa tukaenda kwa tajiri wa soko la hisa. Mimi sikuandamana.

Sasa wana hela, wanashinda?

Taratibu basi. Cohen alimpa Francisco Lindor milioni 341. 2023 akaanza msimu na mishahara zaidi ya milioni 330, akalipa kodi ya anasa kama milioni 100 peke yake, yaani kodi tu inazidi kikosi kizima cha 2012. Wakashinda 75 wakapoteza 87. Katikati ya msimu akawatoa Max Scherzer na Justin Verlander na akawa anaendelea kuwalipa huko walikoenda ili apewe vijana wazuri, ule mchezo wa Beltrán lakini kwa mamilioni kadhaa ya nyongeza. 2024 walifika nusu fainali. Desemba hiyo wakamchukua Juan Soto, miaka 15, milioni 765. 2025 wakakosa mtoano siku ya mwisho kabisa ya msimu, Miami.

Kwahiyo hapana, hela haijaleta kombe, na kombe la mwisho ni 1986. Ila sasa timu ikifungwa tunabishana kuhusu kocha na warushaji, mambo ya mpira. Zamani tulikuwa tunabishana kuhusu riba.

Kuna Mwafrika Mashariki yeyote kwenye hizi timu?

MLB yenyewe bado. Uganda ndo wako mbele, watoto wa Lugazi walienda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport 2012, na 2022 Dodgers walisaini vijana wawili Waganda. Mets sijaona.

Wilpon wako wapi sasa hivi?

Wapo, na hii ndo watu hawaamini nikiwaambia. Walivyouza timu walibakiza asilimia tano, na kituo cha TV kinachoonyesha Mets, SNY, hawakukiuza. Walikianzisha 2006 na ndo kilichokuwa kinaleta keshi hata wakati timu inapumulia mashine, kwahiyo Cohen alinunua timu bila runinga yake. Bonilla analipwa na Cohen, Soto analipwa na Cohen, kodi ya anasa anailipa Cohen. Mimi nikiwasha SNY jioni niangalie mechi, tangazo la gari likipita katikati ya mechi, hela ile inaenda kwa mzee Wilpon na wabia wake wa kebo.